Tabia ya Mtetea na Chakula Chake: Mwongozo kwa Wafugaji wa Dodoma na Nyanda za Kati

Mfugaji wa kuku wa mayai katika Dodoma, Singida, Manyoni, Kondoa au Mpwapwa, ambaye mwezi uliopita alikuwa na kuku watulivu, na leo afunguapo banda akawakuta wengine wamenyonyoka migongo, wengine wana damu mkiani, na maganda ya mayai yaliyopasuliwa yametapakaa viotani, aghalabu hutafuta wa kulaumiwa mahali pa karibu: husema mbegu ya kuku ni mbaya, au aliyemwuzia vifaranga alimpunja, au kuku fulani ana hulka ya ukorofi na dawa yake ni kisu. Mwongozo huu unakusihi, msomaji, uanze kwingine. Kabla ya kumhukumu kuku, kagua kihori chake. Kwa maana sehemu kubwa ya yale tuyaitayo ukorofi, uvivu, ulafi na ghadhabu ya mtetea ni ushahidi wa kile alichokula, au alichokosa kula, katika siku zilizotangulia.

Maneno haya yanawahusu wafugaji wa nyanda za kati kuliko wengi wengine. Katika nchi za kaskazini ya dunia, kama Uingereza, kuku huacha kutaga wakati wa baridi kwa sababu mchana wa huko hupungua mno, na mwenendo wao hufuata urefu wa nuru. Dodoma iko takriban nyuzi sita kusini ya Ikweta, na tofauti baina ya mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni haitimii hata saa moja. Basi jua letu haliwezi kushitakiwa kwa kosa hilo. Yabadilikayo kwetu ni mambo matatu, chakula, maji na joto, nayo hubadilika sana, kwa kuwa mvua, ambayo kwa mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi, huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, kisha ardhi hukaa miezi saba bila ya kuona tone la maana.

Tena nyanda hizi zina desturi ya kuwaadhibu waletao kanuni za kuazima. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa na matrekta mengi kwa nia ya kuijaza dunia karanga, na kufikia mwaka 1951 mpango ule ulikuwa umeachwa, udongo mgumu na ukame vikiwa vimewashinda. Vivyo hivyo kanuni ya lishe iliyoandikwa kwa ajili ya banda la nchi ya baridi, lenye soya tele na maji baridi ya bomba, haina budi kupimwa upya kabla ya kutumiwa Bahi au Chamwino.

Tazama kwanza, ndipo utibu

Tabia ya kuku haisomeki kwa kupita mlangoni. Chagua nyakati tatu za siku usimame kimya kwa muda wa kutosha hata kuku wakusahau: asubuhi kabla hujaweka chakula, saa nane mchana jua likiwa kali, na saa kumi na moja jioni. Asubuhi utaona nani hufika kihorini kwanza na nani husubiri. Mchana utaona nani anatweta na nani haachi kunywa. Jioni utaona ni kitu gani kuku wanakitafuta kwa bidii mahali ambapo hukukiweka.

Ipo ithibati nyingine, nayo haihitaji chombo. Usiku, kuku wakiisha kupanda kwenye fito za kulalia, ingia na tochi yenye mwanga hafifu, uwapapase kuku wachache kile kifuko kilicho chini ya shingo, mbele ya kidari, ambamo chakula huhifadhiwa kabla ya kwenda kwenye firigisi. Aliyekula vizuri, kifuko chake kimejaa, na kwa vidole utahisi punje ndani yake; aliye na kifuko kitupu wakati huo ama amezuiliwa na wenzake, ama ni mgonjwa. Asubuhi hali yapasa kuwa kinyume: kifuko kiwe kitupu na laini, na kikiwa kigumu kuku huyo huenda amemeza nyasi ndefu kavu au uzi uliomkwama.

Hapa pana tahadhari moja ambayo sharti itangulie mengine yote. Kuku aliyezubaa, aliyeshusha mbawa, anayeharisha kijani au kupinda shingo, hana haja ya kubadilishiwa chakula kwanza. Huenda ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, na kinga yake ni chanjo inayorudiwa kila miezi mitatu. Utitiri na viroboto nao huwafanya kuku wajikune, wajidonoe na kukosa raha usiku. Ondoa shaka ya maradhi na wadudu, ukimhusisha afisa mifugo wa kata yako, ndipo urejee kwenye kihori.

Kudonoana na kula manyoya

Kudonoana kuna namna mbili, na mfugaji asiyezitenga hutibu isivyo. Namna ya kwanza ni ya kugombea daraja: kuku mkubwa humdonoa mdogo kichwani wakati wa kula, na mdogo hukimbia. Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye tangu utotoni alikuwa akiwatazama kuku, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwamba kila kundi la kuku lina ngazi yake, na kila kuku anamjua wa juu na wa chini yake. Hiyo ni silika, wala haiondoki; ila madhara yake hupungua nafasi ya kulia ikitosha. Kadiria sentimita 10 hadi 12 za ukingo wa kihori kirefu kwa kila kuku, na uweke vihori na vyombo vya maji mahali pengi, ili mnyonge afukuzwapo hapa apate pa kwenda.

Namna ya pili haina hasira ndani yake. Kuku husimama nyuma ya mwenzake, akachomoa unyoya mgongoni au penye shina la mkia, akaumeza. Aliyechomolewa hutulia mpaka ngozi ionekane, na siku damu itokapo, wengine nao huvutwa na ile rangi nyekundu, na bandani pakawa na maafa. Kuku alaye manyoya ana jambo analolitafuta, nalo mara nyingi ni moja kati ya matatu.

La kwanza ni protini. Unyoya karibu wote ni protini, tena ile yenye salfa ndani yake. Mtetea wa kisasa anahitaji chakula chenye protini sehemu 16 hadi 18 katika mia, na katika protini hiyo kuna viungo ambavyo mwili wake hauwezi kuvitengeneza, kama laisini, methionini na triptofani. Mahindi yana uchache wa laisini na triptofani. Mashudu ya alizeti, ambayo Singida na Dodoma zinayo kwa wingi kuliko mikoa mingi, yana methionini nzuri lakini laisini yake ni haba. Soya ni kinyume chake. Dagaa wa Ziwa Viktoria wana zote. Ndiyo sababu mfugaji anayechanganya pumba na mashudu peke yake, akidhani ametimiza wajibu kwa kuwa gunia limejaa, hushangaa kuwaona kuku walioshiba wakinyonyoana. Wameshiba, lakini hawakutoshelezwa. Triptofani, zaidi ya kujenga mwili, hutumiwa na ubongo kutengeneza serotonini, ambayo huhusika na utulivu wa mnyama, na majaribio yameonyesha kwamba kuku walioongezewa triptofani hupunguza kudonoana.

La pili ni chumvi. Chakula kikikosa chumvi, kuku huhangaika, hudonoa kila kitu, na damu ya mwenzake huwa tamu kwake. Gramu 250 hadi 300 katika kilo 100 za chakula zatosha. Lakini usizidishe kwa kudhani kwamba kizuri hakina kipimo: visima vingi vya nyanda zetu vina maji ya chumvi, na dagaa wengine huuzwa wakiwa wametiwa chumvi, kwa hiyo onja maji na uonje dagaa kabla hujapima. Kuku waliozidishiwa chumvi hunywa bila kukoma, kinyesi chao huwa maji, matandiko ya maranda hulowa, na ikizidi zaidi hufa.

La tatu ni nyuzinyuzi na shughuli. Kuku wa mwituni wa Asia, ambaye ndiye asili ya kuku wote tunaowafuga, hutumia zaidi ya nusu ya saa zake za kuwa macho akiparura na kudonoa ardhi, hata anapopewa chakula cha kutosha. Mtetea wa bandani amerithi kani hiyo, na akipewa chakula kilichosindikwa kuwa vipande vigumu, ambacho humaliza kula upesi, saa zilizobaki atazitumia juu ya kitu kingine kilicho karibu, yaani mgongo wa jirani. Mpe kazi. Ning'iniza fungu la mchicha au la majani ya kunde kwa kimo cha kumfanya anyooshe shingo. Tundika mashuke ya uwele au mtama. Nyunyiza konzi chache za punje juu ya maranda makavu alasiri. Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa pamoja na maganda yake, ambayo wengine huyadharau, yana nyuzinyuzi zinazoijaza firigisi na kuishughulisha, na kuku mwenye firigisi yenye kazi huwa na haja ndogo ya kumeza manyoya.

Ama kukata midomo, ambako wafugaji wengi hukukimbilia, huzuia jeraha lakini hakuondoi hitaji. Aliyedonolewa hadi damu mtenge leo hii, umsafishe kidonda, asirudi kundini mpaka apone. Ila kesho yake shughulika na chakula.

Kula mayai, na kudonoa kuta

Ganda la yai moja lina takriban gramu mbili za kalisi, na mwili wa mtetea hulijenga kwa muda wa saa ishirini hivi, sehemu kubwa ikiwa usiku, wakati ambapo kuku hali kitu. Chakula kisipompa kalisi ya kutosha, mwili huikopa mifupani, na deni lisipolipwa miguu hudhoofika, kuku akawa anakaa zaidi kuliko kusimama, na mayai yakawa na ganda jepesi kama karatasi au yasiwe na ganda kabisa.

Maumbile yamempa mtetea akili ya kuitafuta kalisi kwa wakati wake. Simama alasiri, saa kumi hivi, karibu na nyumba iliyopakwa chokaa: mtetea mwenye yai la kesho tumboni atawaacha wenzake penye mahindi, atakwenda moja kwa moja ukutani, akadonoa mahali palepale pa jana, akaruka hatua, akarudi, mpaka pawe na shimo jeupe lenye ukubwa wa kikombe. Huyo si mharibifu wa nyumba. Ameshuhudia kwa mdomo wake kwamba kihori chako hakina chokaa ya kutosha.

Mfanyie hivi. Chakula cha mtetea kiwe na kalisi sehemu tatu na nusu hadi nne katika mia, kiasi ambacho hupatikana kwa kilo 8 za chokaa ya mifugo na kilo 2 za mifupa iliyosagwa katika kilo 100. Zaidi ya hapo weka chombo cha peke yake chenye makombe ya chaza au chokaa ya chengachenga, yenye ukubwa wa punje ya mtama, ukikijaza kila alasiri. Chenga ni bora kuliko unga mtupu, kwa sababu hukaa katika firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, wakati ganda linapojengwa. Kila kuku ajichukulie kadiri ya haja yake. Anayetaga atakula, asiyetaga ataacha. Lakini chakula hiki cha watagao usiwape wadogo ambao bado hawajakaribia kutaga, kwani kalisi nyingi huwaharibu mafigo.

Kalisi peke yake haifiki mifupani bila ya vitamini D, na vitamini hiyo mwili huitengeneza kwa nuru ya jua, ambayo Dodoma haina uhaba nayo. Basi banda lisiwe la giza, na kuku wapate uwanja au dirisha la waya lipitishalo jua la asubuhi.

Kuku mla mayai kwa kawaida hakuanza kwa uovu. Yai lenye ganda jepesi lilivunjika lenyewe kiotani, akaonja, akapenda, akajifunza kuvunja. Kwa hiyo uondoaji wa tabia hii una utaratibu: imarisha ganda kwa kalisi, imarisha protini, weka kiota kimoja kwa kuku wanne au watano, chenye nyasi laini na giza kidogo, okota mayai mara tatu kwa siku. Ukipenda kuwarudishia maganda ya mayai ya jikoni, yakaushe motoni na kuyasaga mpaka yasijulikane ni yai. Akibaki mmoja asiyeachika baada ya yote hayo, huyo ndiye mwenye haki ya kuitiwa kisu.

Kihori kimoja, vyakula viwili

Lipo jambo ambalo huwapita wafugaji makini. Mahindi yakiparazwa kwa ukubwa na mengineyo yakasagwa kuwa unga, kuku wa daraja la juu, ambao hufika kwanza, huchagua chenga za mahindi, na kuku wa daraja la chini huachiwa vumbi la dagaa, chokaa na pumba. Hapo kundi moja, lililolishwa kutoka gunia moja, limekula vyakula viwili mbalimbali: wakubwa wamenenepa kwa wanga, wakawa na upungufu wa protini na kuanza kunyonyoa wenzao, wadogo wamepata vumbi lisilo na nguvu, wakakonda na kuchelewa kutaga. Mfugaji akitazama gunia haoni kosa.

Dawa yake ni kusaga vitu vyote kwa ukubwa unaokaribiana, wala si laini kama unga wa ugali. Kujaza kihori theluthi moja tu, ili chakula kisimwagwe wala kisichaguliwe. Na kuacha kihori kimalizwe kabisa mara moja kwa siku kabla ya kuongeza, ili vumbi nalo liliwe, kwani ndilo lililobeba madini na vitamini. Waweza kulinyunyizia vumbi hilo maji kidogo likaambatana, mradi liliwe papo hapo, maana chakula kilicholowa huchacha upesi katika joto letu.

Joto na maji

Mnamo Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, joto la mchana hupita nyuzi 30, na tabia ya kuku hubadilika: hutweta mdomo wazi, hutenga mbawa na mwili, hukaa kivulini, na chakula hukitazama tu. Kutweta huko hupunguza hewa ya kabonidayoksaidi katika damu, na upungufu huo hupunguza uimara wa ganda. Kwa hiyo mayai mepesi ya Oktoba si lazima yawe na sababu moja na mayai mepesi ya Juni. Tena kuku aliyezoea kula gramu 110 au 120 kwa siku, akila 90 tu, amepunguza kwa mkupuo protini, chumvi, kalisi na vitamini.

Chakula chenyewe humwongezea kuku joto saa kadhaa baada ya kuliwa. Kwa hiyo usimshurutishe kula adhuhuri. Mpe chakula alfajiri, mara kunapopambazuka, ale mpaka saa tatu. Inua vihori wakati wa joto kali. Urudishe saa kumi alasiri mpaka jioni. Katika miezi hii ongeza dagaa au soya kidogo na upunguze pumba, ili kichache anachokula kiwe na uzito wa haja.

Maji yatangulie yote. Siku ya ubaridi kuku hunywa takriban mara mbili ya uzito wa chakula chake, na siku ya joto hunywa mara nne na zaidi. Hesabu basi lita 25 kwa kuku 100 mwezi Julai, na lita 45 au 50 mwezi Novemba. Yai lenyewe, ukiondoa ganda, robo tatu yake ni maji. Kuku waliokosa maji kwa siku moja hukataa chakula, hurundikana, hudonoa kila kitu king'aacho, na utagaji wao huweza kuporomoka kwa siku nyingi baada ya kiu kwisha. Kwa hiyo siku ya kukatika maji mjini, au ya foleni ndefu kisimani, kuku wasiwe wa mwisho kukumbukwa. Yaweke katika vyombo vya udongo, kivulini, uyabadilishe adhuhuri, kwa sababu maji ya moto kuku huyakataa hata akiwa na kiu.

Kuku wa kienyeji, na majira mawili ya mwaka

Mitetea ya kienyeji ina amali yake. Hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia, na katika siku 21 za kuatamia hula kidogo sana, ikitoka kiotani mara moja au mbili kwa siku kwa muda mfupi. Kupungua huko kwa hamu si maradhi, wala hakutibiwi. Ila mtetea aliyeanza kuatamia akiwa amekonda huyaacha mayai kabla ya wakati kwa sababu ya njaa. Wiki mbili kabla hajaatamia mwongezee nafaka na dagaa kidogo, na akiwa kiotani muwekee punje na maji karibu. Kinyume chake, kuku aliyelishwa mahindi na pumba tupu mwaka mzima hunenepa tumbo, akawa mzito wa kuparura na mvivu wa kutaga, na watu wakasema amezeeka.

Wakati wa mvua kuku aachiwaye huru hujitafutia karamu ya kumbikumbi, panzi, mbegu na majani. Anachopungukiwa ni nafaka ya nguvu, maana ghala la mwenye nyumba nalo limekwisha. Wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yameingia, nafaka anazo, ila kijani na wadudu vimetoweka. Mlishe kile ambacho majira yamemnyima. Kiangazi wengi huinamisha chungu chakavu, chenye samadi na mabua yaliyolowanishwa, juu ya tundu la mchwa wakati wa jioni, na asubuhi wakawamwagia kuku mchwa waliojaa humo. Ni protini isiyo na gharama. Kijani kihifadhi mwezi Machi na Aprili: anika kivulini majani ya kunde, mchicha na mlonge, uyapondeponde, uyachanganye na chakula kuanzia Julai. Majani ya lukina nayo yafaa, lakini yasizidi sehemu tano katika mia, kwa kuwa yana sumu kidogo. Bila ya kijani hicho, au vitamini za dukani, kuku hupungukiwa vitamini A, macho yakatoa machozi na kuvimba, akajitenga na kusinzia.

Nafaka za wenyeji zisidharauliwe. Uwele una protini zaidi ya mahindi, nao hustahimili ukame wetu. Mtama mweupe ni mzuri. Hizi mbili zaweza kuchukua nafasi ya nusu ya mahindi. Mtama mwekundu ulio mchungu, kwa sababu ya tanini iliyomo, huzuia protini isitumike, na kuku huusukuma kando. Jua tu kwamba mtama mweupe na mahindi meupe hufanya kiini cha yai kiwe cheupe, na kijani ndicho kinachorudisha manjano ipendwayo na wanunuzi.

Nafaka yenye ukungu

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi. Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu wanaomea katika nafaka na karanga zisizokauka vizuri, na kupika hakuiondoi. Ipo desturi ya kusema kwamba mahindi yasiyofaa kwa watu wapewe kuku. Desturi hiyo iachwe. Kuku mwenye sumukuvu hapigi kelele: hula kidogo, huzubaa, ini lake huharibika, mayai hupungua, hushindwa na maradhi ambayo wenzake huyashinda, na sumu yenyewe yaweza kupita ikaingia katika yai utakalolipeleka mezani kwako. Kausha nafaka barabara, iweke juu ya chaga mbali na ukuta, na mashudu ya karanga usiyatumie ila unajua yalikotoka.

Mchanganyiko wa kuanzia

Kwa kilo 100 za chakula cha mitetea itagayo, pima mahindi yaliyoparazwa, au mahindi na uwele nusu kwa nusu, kilo 50. Pumba ya mahindi kilo 7. Mashudu ya alizeti kilo 20. Dagaa waliopepetwa mchanga kilo 8. Soya iliyokaangwa kilo 4, kwani soya mbichi huzuia usagaji wa protini. Chokaa ya mifugo kilo 8. Mifupa iliyosagwa kilo 2. Chumvi gramu 300. Na unga wa vitamini na madini wa dukani kwa kiasi kilichoandikwa pakitini. Protini yake itakaribia sehemu 16 katika mia. Vile vinavyopimwa kwa gramu vichanganye kwanza na kilo chache za pumba, kisha uvitie katika rundo kubwa, uligeuze kwa koleo mpaka rangi iwe moja, vinginevyo kuku mmoja atakula chumvi yote na mwingine asiipate. Dagaa wasizidi kilo 10, wasije wakayatia mayai harufu ya samaki.

Usibadili chakula kwa siku moja. Kuku ni mwoga wa kitu kigeni, na badiliko la ghafla humfanya akatae kula, na akikaa na njaa huangusha manyoya na kuacha kutaga. Changanya kipya na cha zamani kwa siku saba hadi kumi. Tena rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja, ukiandika katika daftari tarehe, ulichobadili, mayai yaliyookotwa na tabia uliyoiona. Kwani ganda huonyesha nafuu katika siku chache, ilhali manyoya huhitaji wiki nyingi kuota, na asiyeandika hukata tamaa kabla dawa haijafanya kazi, au akasifu dawa isiyostahili sifa.

Mwisho wa maneno, msomaji mfugaji, ni ombi la insafu. Kuku wa bandani hawezi kwenda sokoni kujinunulia dagaa, wala kisimani kujitekea maji, wala hana ulimi wa kukueleza kilichopungua. Hula alichowekewa na hutenda kwa kadiri ya alichokula. Utakapomwona anatenda vibaya, ianze hesabu kwa mkono uliomlisha, na kisu kiwe shauri la mwisho.